Kijitabu cha Moyo

Kijitabu kile kilikaa ndani ya Biblia ya nyanya, pale Malaki inapoishia na Mathayo haijaanza. Kilikuwa chembamba, jalada lilishang'oka kitambo, na kurasa zilikuwa laini kama leso kwa kushikwashikwa. Sisi wajukuu tulikiita kijitabu cha moyo. Kama ulilelewa kwenye nyumba ya waumini hapa Kenya, huenda nawe umekiona: ukurasa wa kwanza una moyo mkubwa mwekundu, juu ya moyo kuna uso wa mtu, na ndani ya moyo wamo wanyama saba. Tausi ni majivuno. Mbuzi ni uzinzi. Nguruwe ni ulafi na ulevi. Kobe ni uvivu. Chui ni hasira. Nyoka ni wivu. Chura ni uchoyo. Katikati yao shetani ametulia kama mwenye nyumba.

Ukiendelea kufungua, wanyama wanaanza kutoka. Njiwa anaingia. Uso juu ya moyo unabadilika. Halafu ukifika picha ya saba, wanyama wanarudi, na uso wa yule mtu umekuwa mgumu. Huyo ndiye aliyeokoka kisha akarudi nyuma. Picha ya nane ni kitanda cha kifo chake.

Hiyo ndiyo ilikuwa televisheni yetu, Suneka, miaka ile umeme haujafika boma letu. Mvua ya jioni ikishapiga mabati, tukishakula ugali na chinsaga, nyanya alivuta koroboi karibu, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma sura moja ya Biblia, kisha akafungua kijitabu. Hakuhubiri. Alitazama tu picha moja kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza, halafu akatupitishia.

Sisi tukafanya wanavyofanya watoto. Tukagawa wanyama. Mama wa duka la kona alikuwa tausi kwa sababu ya namna alivyotembea akienda kanisani Jumamosi. Jirani ambaye shamba lake la migomba liligeuka msitu alikuwa kobe. Mwalimu wa hesabu alikuwa chui, hapo hakuna aliyebisha. Kijiji kizima tulikiingiza ndani ya moyo ule. Na nguruwe hakuwa na mjadala. Nguruwe alikuwa baba mdogo.

Baba mdogo, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa fundi wa mawe. Alifanya kazi Tabaka, kule machimbo ya jiwe la sabuni yalipo, jiwe ambalo Ulaya na Marekani wanalijua kuliko wanavyowajua Wakisii wenyewe. Likitoka ardhini huwa laini, unaweza kulichonga kwa panga na kisu kidogo. Kina mama wanalisugua kwa msasa na maji mpaka liwe kama ngozi ya mtoto. Kazi ya baba mdogo ilikuwa ya mwisho: kupaka jiwe rangi, kisha kuchora juu yake kwa msumari ulionolewa. Unakwaruza rangi, weupe wa jiwe unatokea chini, na mstari huo haufutiki. Twiga, tembo, chui. Sahani, vibweta, na mioyo. Mioyo mingi sana. Wanunuzi wa ng'ambo wanapenda mioyo ya mawe, wanaiagiza kwa mamia.

Alipolipwa, alipitia kwa mama pima. Mara nyingi alifika nyumbani bila kitu.

Nilikuwa na miaka minane usiku ule alipoingia amelowa, kiatu kimoja mkononi, tukiwa tumezunguka kijitabu. Nikakoroma. Nilikoroma kama nguruwe, kwa nguvu, nikimtazama usoni. Binamu zangu walianguka wakicheka. Nyanya hakusema neno.

Baba mdogo alisimama pale mlangoni, maji yakimtiririka. Nilijiandaa kwa kofi. Badala yake alikuja, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono, nikampa kijitabu. Alikisogeza kwenye mwanga. Akamtazama yule nguruwe kwa makini, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

"Huyu aliyechora," akasema, ulimi mzito, "miguu ya nyuma imemshinda. Lakini ana mkono."

Akanirudishia, akaenda kulala bila kula.

*

Miaka mingi baadaye nilikutana tena na wale wanyama, Nairobi, kwenye chumba kimoja cha kupanga, saa nane za usiku.

Niseme ukweli jinsi nilivyofika pale. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sababu moja, lakini si yote. Kuna muhula niliokuwa na karo na bado sikuenda. Nilianza kuandika kwa kukodiwa. Mwanafunzi wa ng'ambo anatuma swali, mimi naandika insha, yeye anaweka jina lake, mimi natumiwa dola. Kuna vijana wengi wanaofanya kazi hii, wengine wana digrii, na tukikutana tunaiita "kuandika" tu, kama vile ni kuandika. Nimewahi kupata alama ya juu kabisa katika somo la uuguzi, chuo ambacho sitawahi kukanyaga. Mimi mwenyewe sina cheti.

Usiku huo swali lilihusu hadithi za Biblia na mafunzo ya maadili katika michoro ya kuchongwa ya enzi ya Renaissance. Kurasa nane, saa arobaini na nane. Nilikuwa sijui chochote. Nikaanza kama kawaida, kusoma haraka ili niandike haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi anachukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, na kifaa cha chuma chenye ncha kali, na anachonga mistari. Hapigi nyundo, anasukuma kwa kiganja, na akitaka mstari upinde anazungusha bamba lenyewe. Kisha bamba linapakwa wino, linafutwa, wino unabaki ndani ya mistari peke yake. Karatasi yenye unyevu inawekwa juu, vinapitishwa pamoja katikati ya roli mbili zinazokandamiza, na karatasi inavuta wino. Bamba moja linatoa mamia ya nakala. Na kwa kuwa picha inageuka ikichapwa, fundi hana budi kuchonga kila kitu kinyume: mkono wa kulia kushoto, maandishi nyuma mbele, kama mtu anayejiona kwenye kioo.

Hapo nikapunguza mwendo. Nilimfikiria baba mdogo na msumari wake.

Picha hizi zilikuwa za kusambazwa. Mchoro wa ukutani kanisani unakaa kanisani. Karatasi inaingia kwenye mfuko, inabandikwa jikoni, inavuka mpaka. Albrecht Dürer alichonga Mwana Mpotevu mnamo 1496 hivi, na hakumweka kwenye karamu wala mikononi mwa baba yake. Alimpigisha magoti katikati ya nguruwe, kwenye uwanja wa shamba la kawaida la Ujerumani, mapaa yamechakaa. Mtu yeyote wa wakati ule angeona ni uani kwa jirani. Mwaka 1558, jijini Antwerp, ilitoka seti ya dhambi saba iliyobuniwa na Pieter Bruegel. Nikaifungua kwenye skrini moja baada ya nyingine. Majivuno: tausi. Ulafi: nguruwe. Uchoyo: chura.

Nilikaa wima. Chura! Yule chura wetu wa Suneka.

Kutoka hapo sikuwa naandika tena insha ya mtu. Nilikuwa natafuta kijitabu cha nyanya. Nikakipata, kikitembea taratibu kuvuka karne. Mwishoni mwa miaka ya 1500, hukohuko Antwerp, Antoon Wierix alichonga mabamba kumi na nane ya moyo. Ni moyo kama wetu, ila anayeingia ndani ni mtoto Yesu. Anabisha mlangoni. Anaingia na taa, anamulika, ndani kumejaa nyoka na wadudu wa giza. Kisha anashika ufagio na kuwafagia nje. Katika karne iliyofuata, padri Mjesuti wa Brittany, Ufaransa, aitwaye Vincent Huby, alitumia picha za mioyo yenye wanyama kuwafundisha watu wasiojua kusoma. Mwaka 1732 picha za aina hiyo zikachapwa kama kitabu Würzburg, Ujerumani. Mwaka 1812 Johannes Gossner, padri Mkatoliki ambaye baadaye alihamia kwa Walutheri, akatoa toleo lililosambaa duniani. Na mwaka 1929 mmisionari J. R. Gschwend akakitengeneza upya kwa ajili ya Afrika. Kikachapwa Afrika Kusini, kikatafsiriwa katika lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwemo, kikagawiwa kwenye masoko na mikutano ya injili mpaka kikamfikia mwanamke mmoja Suneka, akakiweka katikati ya Malaki na Mathayo.

Huyu Wierix alikuwa na ndugu wawili, Johannes na Hieronymus, wote mafundi, wote hodari tangu utotoni. Wajesuti waliwataka kwa kazi kubwa: picha za Injili yote, zaidi ya 150, kitabu kilichotoka Antwerp mwaka 1593 na ambacho michoro yake ilinakiliwa hadi Uchina. Lakini Christophe Plantin, mchapishaji mkubwa wa mji ule, aliwaandikia Wajesuti akilalamika. Wakifanya kazi siku chache, alisema, wanaenda kuzimaliza pesa baani siku zinazofuata. Anayewataka inabidi akawatafute kwenye vilabu vya pombe, alipe madeni yao, na akomboe vifaa vyao walivyoweka rehani.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Halafu nikasimama, nikaenda dirishani.

Kwa sababu nilimjua mtu aliyefanya hivyo. Nilikuwa nimeandamana naye. Nilikuwa na miaka sita au saba, nimeshika pindo la leso yake, tunapita njia ya panya nyuma ya migomba alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Nyanya alifika kwa mama pima, hakuingia, alisimama nje akakohoa. Mama pima alitoka. Nyanya alifungua fundo la leso, akahesabu shilingi, na mama pima akaingia ndani akarudi na mfuko wa sukari wa karatasi. Ndani mlikuwa na visu viwili vidogo na ule msumari. Tulipofika nyumbani nyanya aliviweka juu ya meza karibu na kichwa cha baba mdogo, akiwa bado amelala, akaenda kukama ng'ombe. Hakuna aliyeongea kuhusu jambo hilo. Na haikuwa mara moja.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nguruwe nilimkumbuka. Leso nilisahau.

*

Mwishoni mwa mwezi nikapanda matatu ya Kisii, nikashuka mjini, nikachukua probox ya Suneka. Baba mdogo alikuwa mgonjwa, ini, na nyumbani walikuwa wamenipigia simu mara mbili. Nilikuwa nimeahirisha kwenda kwa sababu ambayo si nzuri. Mara ya mwisho nilipokuwa pale, nyanya alikuwa amegundua kwamba niliacha chuo. Nilimficha mwaka mzima. Hakunifokea. Alinifungulia picha ya saba, akakiacha kijitabu mezani mbele yangu, akatoka. Usiku ule nilirudi Nairobi na hasira iliyonikaa miezi.

Nilimkuta baba mdogo ameketi nje kwenye jua, amekonda, macho ya manjano. Miguuni pake kulikuwa na karai la mioyo ya mawe iliyopakwa rangi nyeusi, ambayo wenzake wa Tabaka walimletea ili asikae bure. Asubuhi, kabla mikono haijaanza kutetemeka, anaweza kuchora mitatu, minne.

Nikamwonyesha Wierix kwenye simu. Alivuta picha ikawa kubwa, akafuata mstari kwa ukucha.

"Hii ni shaba?"

"Ndiyo. Na anachonga kinyume."

Akapiga mluzi. "Huyu si mtu wa kuchezewa."

Nikamwambia habari ya Plantin, madeni, vifaa vya rehani. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ubavu. "Kwa hivyo walioleta nguruwe," akasema akipata pumzi, "walikuwa wanatoka kwetu."

Kisha akanyamaza. Nikajua ni wakati wa kusema nilichokuja nacho. Nikasema, "Baba mdogo, ule usiku niliokoroma."

"Usiku gani?"

Sijui kama alikuwa amesahau kweli. Nilimweleza. Akachukua moyo mmoja kutoka kwenye karai, akaugeuzageuza. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Nilikuwa nimelewa. Hiyo kesi haina mshahidi."

Jioni nikampelekea nyanya picha ileile. Miwani ni mipya, macho ni yaleyale. Alimtazama mtoto Yesu na ufagio wake.

"Anafagia usiku," akasema. "Huyu hakufundishwa na mamake. Ukifagia usiku unafagia baraka."

Nikamwambia historia yote, kwa Kiswahili na Ekegusii changu cha kuvunjika. Antwerp, wale ndugu watatu, shaba. Nikamwambia kwamba watu walioeneza picha hizi waliziita kioo, na kwamba nadhani sisi tulikosea tangu mwanzo: kioo cha kujitazamia tulikigeuza kioo cha dirisha, tukakaa ndani tukihesabu dhambi za wapita njia. Nilikuwa nimeipanga sentensi hiyo kwenye matatu. Nilitarajia atanielewa kwamba nazungumza pia juu yake, juu ya picha ya saba.

Nyanya alichukua Biblia, akatoa kijitabu. Kilifunguka chenyewe, picha ya kwanza. Akaweka kidole, si juu ya nguruwe. Juu ya chura.

"Mlikuwa mnaniangalia mimi nikitazama nini?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kufikiria alikuwa anatazama nini.

"Pesa ya kahawa ilikuwa ya watoto wawili," akasema. "Babako na huyu. Mwaka huo kahawa ililipa vibaya. Nikasema nitamlipia mkubwa kwanza, halafu mdogo. Mwaka uliofuata ikalipa vizuri. Nikanunua ng'ombe. Huyu alikuwa wa pili darasani, unajua? Wa pili. Nikamwambia ngoja. Akangoja miaka miwili, halafu akaenda Tabaka kubeba mawe. Ng'ombe huyo ndiye mzazi wa hawa wote wa leo." Akagonga chura kwa ukucha mara mbili. "Huyu ni wangu. Ninyi mlikuwa mnagawa wanyama hapo chini, mimi nilikuwa na wangu."

Nje tulisikia msumari ukikwaruza jiwe. Ilikuwa jioni, mikono yake haikupaswa kufanya kazi saa hiyo.

Babangu alisoma kwa pesa hiyo akawa mwalimu. Mimi nilisomeshwa na mshahara huo. Nilifika mwaka wa tatu kwa kahawa iliyopaswa kuwa ya mtu mwingine, halafu nikaacha. Nilielewa kwa nini nyanya alinifungulia ule ukurasa akashindwa kuongea. Haikuwa lazima aeleze.

"Na wewe?" akasema. "Sasa unafanya kazi gani huko?"

Nikamwambia. Nilijaribu kuipamba, nikaona haipambiki. Watu wanatumwa kazi ya shule, mimi naifanya, wao wanaandika majina yao.

"Na mwalimu hajui?"

"Hajui."

Aliwaza. "Hiyo ni mnyama gani?"

"Sijui, Magokoro. Hayumo kwenye saba."

"Lazima yumo," akasema. "Tafuta."

Insha ile ya michoro nilikuwa nimeshaituma, kurasa nane, nikalipwa. Kodi ya nyumba haingoji. Tangu nirudi nimekataa kazi mbili na nimekubali moja. Sisemi kwamba wanyama wametoka. Nasema tu kwamba sasa nikifungua kompyuta usiku, ninajua ni uso wa nani uko juu ya moyo.

Jioni ile nyanya alifunga kijitabu, akakirudisha mahali pake, akainuka kwa kushikilia meza. "Mwite baba yako mdogo aje kula," akasema. "Na umwambie aache hayo mawe, giza limeingia."

Nikaenda kumwita. Alikuwa amemaliza moyo mmoja. Juu yake alikuwa amechora nguruwe mdogo, miguu ya nyuma imekaa sawasawa.